US-05 kwa IPA ya nyumbani: hamira inayoziachia hopsi uwanja

Kama unapika IPA (bia chungu yenye hopsi nyingi) nyumbani na unataka hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ndizo zisikike, pakiti ya kwanza kununua ni SafAle US-05. Zipo hamira za kisasa zaidi, na hii ina kasoro mbili ambazo tutazisema bila kuficha, moja ikimuuma mtu wa Tanga au Mombasa kuliko mtu wa Nairobi. Lakini haina kiherehere. Haileti ndizi, haileti karafuu, na ukiiacha imalize kazi yake haiachi harufu ya siagi. Bia ikiharibika, unajua ukalitafute kosa kwenye hopsi, kwenye maji au kwenye joto. Anayejenga resipe yake mwenyewe anahitaji hamira ya namna hiyo kabla hajaanza kucheza na zenye mbwembwe. Kwa kazi hii tunaipa 8 kati ya 10.

Watengenezaji ni Fermentis, walio chini ya Lesaffre ya Ufaransa, hao hao wenye Saf-instant inayoumulia maandazi ya nusu ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo swali la "kwani nikitia ile ya maandazi?" haliishi. Ukiitia utapata kileo, hilo halina ubishi. Ila hamira ya mkate ilichaguliwa kwa kuumua unga upesi. Kwenye bia mara nyingi hutoa harufu ya karafuu, kisha inagoma kutulia chini. Umeagiza gramu mia mbili na ushee za hopsi kwa bei mbaya halafu unazizika chini ya karafuu, bora ungepika mbege.

US-05 yenyewe inahesabiwa kuwa ya ukoo wa hamira ya Chico, mji wa California ambako Sierra Nevada walianza kupika Pale Ale yao mwaka 1980 kwa hopsi za Cascade. Ndiyo maana IPA nyingi za Kimarekani zina ule ukavu safi wa mwisho wa funda: ukoo huu umezoea kumaliza sukari na kukaa kimya.

Pakiti ya mpikaji wa nyumbani ni gramu 11.5. Kiwanda kinashauri gramu 50 hadi 80 kwa lita 100, joto la nyuzi 18 hadi 26, na kinasema hamira hii hula asilimia 78 hadi 82 ya sukari. Piga hesabu: lita 20 zinadai gramu 10 hadi 16, kwa hiyo pakiti moja inatosha lakini iko upande wa chini. Kwa IPA yenye uzito wa mwanzo wa 1.062 (yaani kabla ya kuchacha, maji matupu yakiwa 1.000) na pakiti mpya, moja inafanya kazi. Ukipita 1.070, au pakiti imekaa muda mrefu kwenye duka lisilo na friji, tia mbili. Ubahili wa pakiti moja ndio huzaa bia iliyokwama 1.022 ikiwa tamu kama togwa.

Ili kuijua hamira hii, ipikie resipe isiyo na pa kujificha. Hii inatoa lita 20 ndani ya ndoo ya kuchachushia, ukiwa na lita 22 kwenye sufuria moto unapozimwa:

Kimea cheupe cha shayiri kilo 5.5, kimea cha karameli chepesi gramu 200, sukari nyeupe ya dukani gramu 300. Hopsi za vidonge: Columbus gramu 25 kwa dakika 60 za kuchemsha, Centennial gramu 20 zikibaki dakika 10, Citra gramu 40 na Centennial gramu 30 moto ukishazimwa, kisha Citra gramu 60 na Simcoe gramu 60 kwenye ndoo, bia ikishachacha. Uzito wa mwanzo 1.062, wa mwisho karibu 1.012, kileo asilimia 6.6, uchungu 55 hivi kwa kipimo cha IBU.

Karameli ni kidogo makusudi. Ukiongeza hadi nusu kilo, bia inakuwa na utamu wa tofi unaogombana na hopsi, na ikizeeka inageuka sharubati. Sukari nyeupe nayo isikutie aibu. Inaliwa yote, bia inabaki nyepesi mdomoni, na uchungu unasikika ulivyo.

Kimea kipasuliwe tu, kisisagwe unga: maganda yakibaki mazima ndiyo chujio lako, yakisagika machicha yanaganda na maji hayapiti. Loweka kwenye lita 15.5 za maji ya nyuzi 72, vikichanganyika vitatulia kwenye 66. Funika dakika 60, chuja, suuza machicha kwa lita 16 za nyuzi 76, upate lita 26 za kuanza kuchemsha. Sehemu hii ndiyo US-05 husingiziwa mara nyingi. Kipimajoto kikiwa kinadanganya na kimea kikalala kwenye nyuzi 70, utapata sukari ndefu zisizoliwa, bia itaishia 1.018, na mtu ataandika kwamba hamira ni mbovu. Kabla ya kuilaumu, kitie kipimajoto kwenye maji yanayochemka na kwenye barafu inayoyeyuka. Kikisoma tofauti na 100 na 0, umempata mwizi. (Ukiwa mahali pa juu kama Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, kwa hiyo amini barafu.)

Maji ya bomba yenye klorini yatibu kabla ya yote: nusu kidonge cha metabisulfiti ya potasiamu kinatosha lita zote 32. Usipofanya hivyo, klorini inaungana na vitu vya kimea na bia inanuka kama wodi ya hospitali, na harufu hiyo haiondoki hata ungeifanyaje. Kama maji yako ni laini, gramu 8 za jasi ya kupikia bia na gramu 2 za kloridi ya kalsiamu zinainoa ladha ya hopsi na kuipa hamira kalsiamu inayoisaidia kutulia. Maji ya kisima chenye chumvi ya pwani achana nayo kabisa.

Kwenye uchungu, soma asilimia ya alfa (asidi zinazoleta uchungu) kwenye mfuko wa hopsi. Gramu 25 hapo juu ni za Columbus ya alfa 15. Ya kwako ikisema 13, zidisha 25 kwa 15 ugawe kwa 13: gramu 29. Anayenakili gramu bila kutazama alfa anapika bia tofauti kila mara, halafu anashangaa.

Moto ukizimwa, usikimbilie hopsi. Poza kwanza hadi nyuzi 80, ndipo utie Citra na Centennial, koroga upande mmoja mpaka maji yajizungushe yenyewe, funika dakika 20. Kwenye nyuzi 95 mafuta mengi yenye harufu yanaondoka na mvuke na uchungu unaendelea kupanda. Kwenye 80 unabaki na embe, pasheni na balungi la Citra, na maganda ya limau ya Centennial. Columbus ina pilipili manga na utomvu unaowafanya watu watazamane, na si ajabu: hopsi na bangi ni mimea ya ukoo mmoja. Kisha poza upesi hadi nyuzi 18.

Sasa pakiti inafunguliwa. Kiwanda kinaruhusu kumwaga hamira kavu moja kwa moja, na kwa nguvu hii ya togwa (maji matamu ya kimea kabla hayajachacha) inafaa. Nyunyiza juu ya uso wote, isidondoke bonge moja katikati, maana bonge likishalowa nje ndani linabaki kavu. Ukipenda kuilowesha kwanza, tumia maji yaliyochemshwa yakapozwa hadi nyuzi 25 hadi 29, mara kumi ya uzito wa hamira (mililita 115 kwa pakiti), dakika 15 hadi 30. Usiiloweshe kwenye maji ya moto ya "kuiamsha", unaua nusu yake.

Saa za kwanza 12 huenda usione kitu. Hii si hamira ya papara. Kati ya saa ya 12 na ya 24 inatokea ngozi nyembamba ya mapovu pembeni mwa ndoo, kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Siku ya pili na ya tatu povu linakuwa zito, rangi ya krimu, lenye madoa ya kijani na kahawia ya hopsi. Kwa hiyo lita 20 zitie kwenye ndoo ya 30, ya 25 ni ya kubahatisha. Povu hili lina ukaidi: linaweza kubaki limesimama siku mbili tatu baada ya hamira kumaliza sukari. Anayesubiri povu lishuke ndipo apime anapoteza muda, na anayehesabu mapovu ya kwenye kizibo anapiga ramli. Haidromita, kile kipima uzito, ndiyo itakayokwambia.

Joto ndilo suala zito. Karatasi ya kiwanda inasema hadi 26, lakini kwa IPA safi shikilia 18 hadi 19 siku tatu za mwanzo, kisha iache ipande yenyewe hadi 21 imalizie. Kumbuka pia bia inayochacha inajipasha moto. Ndani ya ndoo kunaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 3 hadi 5 kazi ikikolea. Chumba cha nyuzi 28 maana yake hamira inafanya kazi kwenye 32, na huko hutoa vileo vizito na harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Bia hiyo inanywewa glasi moja, ya pili inaleta kichwa kuuma.

Njia ya kitambaa kibichi na feni inasifiwa sana, na Dodoma au Isiolo ambako hewa ni kavu kweli inashusha nyuzi kadhaa. Pwani wakati wa masika haisaidii kitu, maana hewa imeshashiba unyevu na maji ya kitambaa hayana pa kwenda. Huko weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji yanayofika nusu ya ndoo, na ubadilishe chupa za lita moja na nusu zilizogandishwa, mbili asubuhi na mbili jioni, ukiongeza kadiri kipimajoto kinavyosema. Kipimajoto kibandike ubavuni mwa ndoo juu ya usawa wa maji, ukikifunika kwa kipande cha godoro ili kisome bia na siyo hewa. Ukiivusha saa 72 za kwanza, hatari kubwa imepita. Baada ya hapo hata ikifika 23 haitakudhuru.

Kama barafu ni shida na umeme ni wa mgao, hapo US-05 si ya kwako, na ndiyo kasoro yake ya kwanza kwa watu wa joto. Nunua LalBrew Voss, hamira ya shamba ya Norway inayotaka nyuzi 35 hadi 40, ambako US-05 ingekuwa imeshaharibu kila kitu. Inaacha kidokezo cha ganda la chungwa, na kwenye IPA ya Citra hicho kinakaa vizuri. Haina ukimya wa US-05, lakini bia yenye chungwa inanyweka, yenye rangi ya kucha hainyweki.

Wenzetu walio Ulaya na Amerika Kaskazini wana tatizo la upande wa pili. Ndoo ikikaa kwenye gereji ya baridi chini ya nyuzi 16, wapikaji wengi husema US-05 hutoa harufu ya pichi. Si mbaya, ila utadhani ni hopsi na utazipanga vibaya mara nyingine.

Siku ya sita hadi ya nane, haidromita ikisoma namba ile ile mara mbili kwa siku mbili tofauti, tia hopsi za mwisho bia ikiwa kwenye nyuzi 18 hadi 20. Gramu 120 kwa lita 20 ni gramu 6 kwa lita, kiasi cha kutosha kujaza chumba harufu unapofungua mfuniko. Siku tatu zinatosha. Zikipita nne tano unaanza kupata ladha ya majani mabichi, kama umetafuna mchicha. Vidonge vitazama vyenyewe. Mfuko wa kitambaa ukibana, hopsi za katikati zinabaki kavu, hivyo kama unautumia uwe mpana.

Hapa ndipo IPA nyingi za nyumbani zinapogeuka mabomu. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokata zile sukari ndefu ambazo US-05 haikuweza kuzila. Zikishakatwa, hamira inaamka na kuanza kula upya. Jambo hili liliandikwa Uingereza tangu mwaka 1893, na bado linawashangaza watu. Unaona 1.012 kabla ya hopsi, unajaza chupa siku ya tatu, na ndani ya chupa bia inaendelea kushuka hadi 1.009. Kila nukta moja ya uzito (0.001) inayoliwa ndani ya chupa inaongeza gesi ya karibu nusu ya ujazo wa bia. Nukta tatu ni ujazo mmoja na nusu, juu ya ule uliokusudia kwa sukari ya chupa. Chupa za kawaida za bia hazikutengenezwa kwa shinikizo hilo, na kioo hakibishi hodi. Pima tena baada ya hopsi, mara mbili, saa 48 zikipita katikati. Namba zikiwa sawa ndipo uendelee.

Uamsho huo huo huleta pia siagi. Kabla ya kupoza, chota bia kwenye mitungi miwili midogo yenye vifuniko. Mmoja utie kwenye maji ya nyuzi 60 kwa nusu saa, mwingine uache mezani. Poza ule wa moto, fungua vyote viwili, nusa. Ule uliopashwa ukinuka bisi zenye siagi, hamira haijamaliza kusafisha. Iache siku mbili zaidi kwenye nyuzi 20 na urudie. Hapa US-05 inajilipia bei yake, kwa kuwa inakaa ikielea kwenye bia muda mrefu na hivyo inaila hiyo siagi yenyewe bila kubembelezwa.

Kuelea huko huko ndiyo kasoro ya pili. US-05 hutulia kivivu, na mashapo yake ni laini: ukiinua ndoo kwa pupa, vumbi lote linapanda. S-04 ya kiwanda hicho hicho hujikandamiza chini kama plasta, ila ina matunda ya Kiingereza yanayosogea mbele ya hopsi. BRY-97 ya Lallemand iko karibu na US-05 kwa usafi na hutulia vizuri zaidi, lakini kuanza kwake ni kwa polepole na anayeanza kupika atapata presha bure. Dawa ya US-05 ni friji ya nyuzi 2 hadi 3 kwa saa 48. Bado ikiwa na ukungu, nusu kijiko cha chai cha jelatini kwenye mililita 150 za maji ya nyuzi 70, uimimine kwenye bia ikiwa baridi, uiache siku mbili. Asiye na friji ya kuingiza ndoo akubali IPA yenye ukungu. Ladha haipotei, ni macho tu.

Chupani, sukari gramu 6 kwa kila lita. Baada ya hopsi kunyonya yao utabaki na lita 18 hivi, kwa hiyo gramu 108, chupa 36 za nusu lita. Jaza kwa mpira unaofika chini ya chupa, acha sentimita mbili tu juu, na funga povu likiwa limefika mdomoni. Adui wa sasa ni hewa. IPA iliyomwagwa kwa kurushwa kutoka ndoo hadi ndoo hugeuka kutoka rangi ya dhahabu kuwa chai ya rangi ndani ya wiki chache, na ile embe ya Citra inakuwa karatasi iliyoloweshwa asali. Wiki mbili kwenye nyuzi 20 hadi 24 kwa ajili ya gesi, kisha zote kwenye friji, na zinywewe ndani ya mwezi na nusu.

Awamu ya pili badilisha kitu kimoja tu. Uchungu ukikwaruza koo, punguza jasi kutoka gramu 8 hadi 5 kabla hujagusa hopsi. Harufu ikiwa hafifu, usiongeze za kuchemsha; hamishia zile gramu 20 za dakika 10 kwenye nyuzi 80. Kama unataka kuihakikisha hamira yenyewe, gawa togwa ndoo mbili za lita 10, moja US-05 na nyingine S-04, hopsi sawasawa. Nusu ya pakiti iliyobaki ifunge isipitishe hewa, iweke kwenye nyuzi 4, na uitumie ndani ya siku saba.

Mashapo ya ndoo hii usiyavune kwa bia inayofuata, yamejaa makapi ya hopsi na hamira iliyochoka. Ukitaka kuokoa pesa, pika kwanza pale ale nyepesi ya 1.045 isiyotiwa hopsi ndani ya ndoo, chota hamira yake mililita 150 nzito kwenye mtungi uliotakaswa, na ndani ya wiki moja uitie kwenye IPA. Inaanza mapema kuliko ya pakiti.